Vitabu vya Yangi Vilinukia Tamia

"Ya Yangi, watu wanauawa hapa hata hawahesabiwi, na wewe unakaa kutafuta nani aliua khawaja?"

Mama Poni ndiye aliyeuliza hivyo, Jumapili moja tulipotoka misa. Alikuwa amesimama na kiti chake cha plastiki mkononi, maana siku hizo kila mtu alikwenda kanisani na kiti chake. Ulikuwa mwisho wa mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya ile Desemba mbaya vita vilipoanza Juba. Khawaja ni mzungu, ndivyo tunavyosema Juba. Na aliyeulizwa ni Yangi, fundi wa cherehani wa mtaa wetu wa New Site, mwanamke mrefu, mpole, ambaye futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata akiwa na nguo za kanisa. Mapajani alikuwa na kitabu kisicho na jalada.

Yangi hakukasirika. Aliweka kipande cha uzi pale alipofikia, akasema, "Huyu angalau tutamjua aliyemuua, mama. Keti tumtafute."

Mama Poni akaweka kiti chini, akaketi. Alisema ni kwa dakika chache tu. Aliondoka jua limeshuka, na wiki nzima alikuwa akipita mlangoni kwangu kuniambia kwamba muuaji ni yule mpishi, wala asidanganywe mtu.

Mimi nilikuwa jirani wa ukuta mmoja na Yangi, na nikikumbuka miaka ile ya vita, Mungu anisamehe, sikumbuki bunduki kwanza. Nakumbuka ile rakuba yake, kile kibanda cha matete mbele ya nyumba, cherehani ya miguu katikati, na akina mama tumekaa kwenye viti vyetu vya kanisani tukibishana juu ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa.

Yangi alivushwa kwenda Uganda akiwa mgongoni mwa mama yake. Alisoma kambini Adjumani mpaka sekondari, mwaka wa pili, kisha masista wakamfundisha kushona. Amani ilipokuja walirudi Juba watatu: yeye, mama yake tuliyemwita Habuba Keji, yaani bibi, na mdogo wake Lodu. Lodu alianza kama utingo kwenye malori ya Nimule, mpakani na Uganda, baadaye akawa dereva. Yangi alishona sare za shule. Lodu alileta vitunguu, sabuni na vichekesho vya barabarani. Habuba alikaa kwenye kitanda chake cha kamba akitazama wote wawili, na wala hakuwa na haja ya kitu kingine.

Habari ya vitabu ilianzia Hai Jalaba, mtaa mwingine wa Juba. Yangi alikwenda kule kutafuta uzi wa bluu, njaa ikamshika, akanunua tamia kwenye kibanda cha Fortunato. Tamia ni yale madonge madogo ya dengu yanayokaangwa kwenye mafuta mengi. Fortunato aliyafunga kwenye karatasi, Yangi akala akitembea, na kwa kuwa hakujua kupita maandishi bila kuyasoma, akasoma karatasi. Kijakazi mmoja amebeba sinia ya chai. Anagonga mlango, hajibiwi. Anagonga tena. Anasukuma mlango, anamwona bwana wake amelala kifudifudi juu ya meza, na karatasi ikaishia hapo.

Yangi alirudi njia yote. Fortunato alidhani amepewa madonge mabichi, akaanza kujitetea. Alipoambiwa kwamba dada anataka karatasi iliyofuata, alicheka mpaka akashika meza.

"Watu wengine narudi kwa sababu ya tamia, dada," alimwambia kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Wewe narudi kwa sababu ya takataka."

Hata hivyo alimfunulia. Chini ya meza alikuwa na maboksi ya vitabu vya Kiingereza. Vilitoka kwenye nyumba moja ya wageni ambayo khawaja wake wote waliondoka kwa ndege mara moja Desemba ilipolipuka, na mlinzi akaona heri viwe vya kufungia chakula kuliko kuliwa na mchwa. Fortunato alikuwa akichana tu kuanzia juu. Jalada kwanza, halafu mbele kwenda nyuma. Yule bwana wa juu ya meza alikuwa amebakiza zaidi ya nusu ya kitabu.

Wakapatana. Yangi angemletea karatasi safi za kaki zinazokuja na vitambaa vya sare, naye angemwachia vitabu. Kurasa zilizokwisha kuchanwa lakini hazijatumika alimpa zote, hovyohovyo, na Yangi alizipanga usiku na mchana kwa namba, kisha akazipitisha kwenye cherehani. Ndiyo maana vitabu vyote vya Yangi vilikuwa na mshono wa bluu ubavuni, mshono wa mikunjo ya sketi za shule. Na vyote vilinukia mafuta. Ukifungua kimoja ulisikia njaa.

Sasa kile kitabu cha kwanza hakikuwa na jalada, wala zile kurasa za mbele zinazosema hii ni hadithi. Yangi alikichukua kuwa ni habari ya kweli. Kambini tulisoma Biblia, hesabu na maisha ya watakatifu, na vyote hivyo ni vya kweli, basi kwa nini hiki kisiwe? Alimhurumia yule marehemu. Aliona jinsi watu walivyozunguka maiti yake wakiulizana maswali, wakinywa chai, na hakuna hata mmoja aliyepiga magoti. Basi ilipofika Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, alimpa katekista Lino jina la yule marehemu pamoja na majina ya babu zake.

Katekista Lino alikuwa mtu mwaminifu, anasoma anachopewa. Kanisa zima tulisikia: tumwombee Lado, tumwombee Kiden, tumwombee Mista Gilbat Thornley, aliyeuawa kwa sumu. Tukaitika, Bwana umpe raha ya milele. Mama Poni akaniegemea akaniuliza kama huyo Gilbat ni wa ukoo wa nani, maana anaonekana amekufa vibaya.

Baadaye Padre alimweleza Yangi kwamba watu wa vitabu vya namna ile wametungwa tu. Yangi aliona haya kidogo, halafu akafikiri. Akasema sala haipotei, Mungu atakuwa amempa mwingine mwenye jina hilo. Sisi tulicheka mwaka mzima, na Lodu kila aliporudi kutoka Nimule aliuliza langoni kama Mista Gilbat anaendeleaje.

Hivyo ndivyo Jumapili zetu zilivyoanza. Yangi alisoma wiki nzima, kidogo kidogo, kati ya sare na sare. Jumapili baada ya misa alitusimulia kitabu kwa Kiswahili chetu cha ukimbizini, na Kiarabu cha Juba kikiingia pale Kiswahili kilipochoka. Mwishoni alitoa hukumu. Kitabu kizuri alisema, "Kinakaa," akakiweka kwenye sanduku la vitambaa, na anayejua Kiingereza angeweza kuazima. Kitabu kibaya alisema, "Kirudi kwa tamia." Na kwa kweli Jumatatu kilirudi. Fortunato alizoea, akawa anauliza tu, hiki nacho kimekosa nini?

Yangi alivigawa vitabu mafungu mawili. Kulikuwa na vitabu vya chai na vitabu vya risasi. Vitabu vya chai ni vile vya vijiji vyenye maua na paka, ambapo mtu mmoja tu anakufa, tena bila fujo, na mama mzee wa jirani anatafuta aliyemuua huku akioka keki. Vitabu vya risasi ni vile vya miji mikubwa, magari yakikimbizana. Akina mama walipenda vya chai. Risasi tulikuwa nazo.

Lakini hata vya chai viliwashinda kwa mambo mengine. Mama mzee anaishi peke yake na paka, watoto wa dada yake wako wapi? Mtu anakufa akiacha shamba na nyumba kubwa, mbona baba wadogo hawajakaa kikao? Polisi wanapigiwa simu asubuhi, kabla ya mchana wamefika. Hapo Mama Poni alinyanyua mkono kama yuko darasani. Aliuliza mafuta ya gari yao nani alitoa. Yangi alipotazama kitabu na kusema hakijaandikwa, Mama Poni akasema basi mwandishi ni mwongo, kirudi kwa tamia.

Kwenye sumu, hata hivyo, hakuna aliyetushinda. Kwetu chakula kinaliwa kwenye sinia moja, na mpishi anaonja mbele ya watu. Kila Yangi alipofika mahali pa mtu kulewalewa baada ya chakula cha jioni, tulimkatiza kwa swali moja, nani hakula? Tulimpata muuaji hivyo mara nyingi hata Yangi akakasirika, akasema tunamharibia. Siku moja alitudanganya kwa makusudi. Alimwambia Mama Poni kwamba wote walikula. Mama Poni alihangaika, akashuku paka, akashuku padre wa kule kijijini, mwisho akasema labda marehemu alikufa kwa kujisikia. Ikawa msemo. Mtu akiringa New Site, walisema atakufa kama khawaja wa Mama Poni.

Kulikuwa na kitabu cha risasi kimoja ambamo mtu alikatakata watu. Yangi alisoma sehemu tatu, akafanya ishara ya msalaba, akakirudisha bila kukisimulia. Baada ya siku chache Mama Poni akaja mbio na karatasi yenye mafuta. Alikuwa amenunua tamia, mwanawe akamsomea, yule mkataji amejificha kabatini na polisi wanapanda ngazi. Alitaka Yangi aende naye Hai Jalaba wanunue tamia mpaka wamkamate. Walikwenda, nakumbuka, na tulikula tamia nyumba zote mbili mpaka tukachoka, na hatukujua kama alikamatwa.

Katika vile vya risasi Yangi aligundua jambo. Kitabu kimoja mtu alianguka mtoni kutoka darajani, mke akalia, rafiki zake wakavaa nyeusi, na mwishoni kabisa akatokea na ndevu. Kingine gari liliungua, wakaona saa ya mwenyewe tu kwenye majivu, naye akawa yuko nchi nyingine akinywa pombe. Kingine tena hivyo hivyo. Yangi akatuambia, kitabu kikilia bila maiti, msilie nacho. Atarudi. Tukaifanya sheria ya rakuba. Alipofikia mtu aliyepotea, sisi wote kwa pamoja tuliuliza, maiti iko? Akisema haiko, tulikunja mikono na kungoja.

Julai ya 2016 vita vikarudi Juba. Watu walioketi kwenye ile rakuba wakatawanyika kama ilivyokuwa utoto wetu, kwenda Uganda tena, safari hii na wajukuu. Mama Poni alipitia kwa Yangi na mzigo kichwani kuaga. Akapewa kitabu cha chai kimoja, ingawa hakujua kusoma. Alisema atatafuta wa kumsomea kambini, na kwamba asipopata, atakinusa.

Tulibaki wachache. Lodu naye hakuacha barabara. Alisema Juba haiwezi kula hewa. Alikwenda Nimule kwa msafara, akarudi. Akaenda, akarudi. Mvua za Oktoba zilipokuwa zinakatika, lori lake likakutwa limeungua mbele kidogo ya Nesitu, kwenye barabara ile ya Nimule. Utingo wake alifika Nesitu kwa miguu na shati limechanika. Alieleza kwamba walipigwa risasi kutoka kwenye majani, wakaruka, kila mmoja upande wake, na hakumwona Lodu tena. Ndani ya lori hapakuwa na mtu. Pembeni pia hapakuwa na mtu.

Yangi alikwenda Nesitu mwenyewe, na nilikwenda naye, maana sikuweza kumwacha aende peke yake. Niliona jinsi alivyouliza. Hakulia wala hakupayuka. Alimuuliza mama muuza chai Lodu alikunywa wapi mara ya mwisho na nani alikaa naye. Aliwauliza madereva kama lilipita gari lingine saa ile. Alieleza shati, la mistari, alilolishona mwenyewe, na kola yake aliigeuza mara mbili. Mama mmoja muuza karanga alisema kwamba aliona mtu wa mistari akielekea upande wa mto, ila pengine ilikuwa siku nyingine. Yangi alimshukuru kana kwamba amepewa kitu. Njiani kurudi aliniambia jambo moja tu, kwamba maiti haiko. Nilielewa alichokuwa anasema. Nilisema Mungu ni mkubwa.

Novemba ikafika, na katekista Lino akapita nyumba kwa nyumba kuchukua majina ya marehemu. Kwa Yangi alisimama muda mrefu langoni kabla ya kupiga hodi. Alimuuliza kwa upole sana kama amwandike Lodu. Yangi akampa majina ya babu zake tu. Siku hiyo alikuwepo pia amu yao, Tombe, mdogo wa marehemu baba yao, ambaye alikuja kutaka bika ikaliwe. Bika ni kilio chetu, siku za kuketi pamoja nyumbani kwa msiba, watu wakilala pale pale, na kabla haijaitwa hakuna anayeruhusiwa kupiga yowe, kwa sababu ni kama kumwitia mtu kifo. Tombe alikuwa na uchungu, na uchungu wake ulitoka vibaya.

"Ulimwombea khawaja wa kwenye kitabu," alimwambia, "na ndugu yako wa tumbo moja unamnyima sala?"

"Khawaja nilikuta maiti yake, amu," Yangi akajibu. "Ilikuwa ukurasa wa kwanza."

Tombe akaondoka bila kunywa maji. Katekista Lino akafunga daftari lake, akamwambia Yangi kwamba atamwombea Lodu kimya kimya, bila kusema ni wa upande gani, wa walio hai au wa marehemu, na Mungu ataelewa. Yangi alimshukuru kwa hilo. Akarudi kwenye cherehani.

Aliendelea kusoma, ila hakutusimulia tena. Alisoma vile vya risasi tu, vile alivyokuwa havipendi, na nadhani alikuwa anatafuta wanaopotea ili aone wanarudi vipi. Sikumuuliza. Niliketi naye Jumapili kama zamani, mimi na rozari, yeye na kitabu, viti vya wengine havipo.

Aliyebadilisha mambo ni Habuba Keji. Tangu lile lori hakuwahi kulia. Hakuruhusiwa, bika haikuitwa. Alikaa kwenye kitanda cha kamba na kinywa kimefungwa, na chakula kikaanza kumshinda. Kwanza aliacha asida, ugali wetu, halafu uji. Sista wa zahanati alimpima akasema haoni ugonjwa. Yangi alimnunulia maziwa, akampikia samaki mbichi wa mchuzi, akamlisha kwa kijiko chake mwenyewe, na mama alishika kila kitu mdomoni bila kumeza.

Asubuhi moja nilileta maji, nikawakuta wote wawili. Yangi alikuwa anasukuma cherehani. Habuba alimwita, na sauti yake nilikuwa sijaisikia kwa wiki kadhaa. Alisema kwa Kibari, lugha ya kwetu, nami naandika kama nilivyosikia.

"Mimi sijui kitabu, mtoto wangu. Mimi ni mzee. Macho yangu bado yana maji, nataka kumlilia Lodu kabla hayajakauka. Nikienda kabla sijamlilia, nani alimlilia?"

Miguu ya Yangi ikasimama kwenye cherehani. Nilitaka kutoka, akanionyesha kwa mkono nikae. Alitoa futi shingoni, akaikunja polepole, akaiweka mezani. Alikwenda kupiga magoti mbele ya kitanda, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake, na wakakaa hivyo, hakuna aliyelia, kwa sababu bika ilikuwa bado haijaitwa. Nilisali Salamu Maria nisijue nimefika wapi.

Baadaye aliniomba nimtume mtu kwa amu Tombe, aliyekaa Hai Jalaba, na kwa katekista, kuwaambia bika iitwe. Tombe alifika haraka, na hakuja na maneno ya siku ile. Alikuja na turubai, mikeka, na vijana wa kufunga kamba. Fortunato aliposikia alitoa sufuria kubwa na masinia yake, akafunga kibanda siku hiyo. Majirani wale wachache tuliobaki tulianza kufagia uwanja. Rakuba ilisogezwa, cherehani ikaingizwa ndani na kufunikwa.

Desturi yetu wote tunaijua. Wanaume wanakaa nje chini ya turubai. Mama wa marehemu na dada zake wanakaa ndani, chini, kwenye mkeka mmoja, na hawatoki. Tombe alishatandika mkeka huo chumbani kwa Habuba, akaacha nafasi ya Yangi pembeni yake. Halafu akatoka kumwita, kwa heshima, ili aingie na kilio kifunguliwe. Yangi alikuwa amevaa kitambaa cheusi kichwani. Alimtazama amu yake, akatazama kule lango lilipo, na barabara inayotoka upande wa Nesitu, akasema hivi:

"Amu, bika ikae. Mama alie, mumlilie wote. Lakini mimi naomba nisikae ndani. Naomba mkeka wangu muuweke pale langoni, niwe naangalia barabara."